Na Sello Hadi Mengo

Tangu nirudi Iringa, kila ninayekutana naye sokoni au nje ya kanisa ananishika mkono na kuniuliza ilikuwaje huko. Nimesimulia vipande vipande, kila mtu kipande chake, na sasa nasikia vipande hivyo vimeungwa vibaya. Kuna anayesema nilisafirisha maiti hadi Nzega, kuna anayesema nilikamatwa na polisi Kampala, na kuna anayeapa kwamba nilimchelewesha bibi harusi mlangoni mwa kanisa. Maiti haikuwapo. Polisi alikuwapo, lakini hakunikamata. La bibi harusi ni la kweli. Kwa hiyo, wanakwaya wenzangu, naandika yote tangu mwanzo, msomeane wenyewe.

Wengi wenu mnamjua Riziki kwa jina tu. Ni Mkongomani wa Bukavu, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Tulijuana Kigoma, tulipofundisha pamoja semina ya walimu wa kwaya. Baadaye vita vikamsukuma hadi Kampala yeye na mumewe, na huko akaanzisha kwaya ya wakimbizi wenzake: wauza vitenge, mafundi viatu, kinamama wa saluni. Akawafundisha kitu ambacho hakuna aliyemtuma kukifundisha. Aliwafundisha muziki wa Baroko, ule wa Ulaya wa karne ya kumi na saba na ya kumi na nane, ambao sauti zake hufukuzana na kupambwa juu ya mapambo, na chini yake kuna besi inayotembea bila kuchoka.

Alinipigia simu akaniambia kwamba maombi yao ya kuhamia Kanada yamekubaliwa. Kabla ya kuondoka alitaka kwaya yake iimbe konsati moja kamili pamoja na vyombo. Fidla alizipata kwa wanafunzi wa chuo kikuu, na tarumbeta aliipata kwenye bendi ya polisi. Besi ndiyo iliyokosekana.

“Yaya,” aliniambia, maana wao dada mkubwa humwita hivyo, “bila sello yako tutaimba hewani.”

Sikuhitaji kubembelezwa. Nikaifunga sello, fidla ile kubwa ya sauti nzito inayopigwa mtu ameketi, ndani ya kasha lake jeusi, nikaondoka.

Iringa hadi Nzega

Kondakta wa basi alitaka sello ikae chini kwenye buti pamoja na magunia ya viazi. Nilikataa. Nilikuwa nimeikatia tiketi ya siti yake, nami nikaipa dirisha. Ili isiteleze kwenye kona nikaifunga kwa khanga katikati, nikaizungushia mkono wangu. Kumbukeni pia kwamba wiki ile nilikuwa na mafua makali. Macho yalinichuruzika, na kitambaa hakikunitoka mkononi.

Nilishangaa watu wa basi lile walivyokuwa wema. Kabla hatujafika Dodoma dereva alizima redio. Mama mmoja aliyekuwa upande wa pili aliniletea karanga, na mwingine michembe, viazi vitamu vile vilivyokatwa na kukaushwa, akaniwekea pajani bila kusema neno. Vijana waliokuwa wakicheka nyuma walinyamazishwa. Nikajisemea kwamba kumbe siku hizi mabasi yana adabu.

Tulipopita Singida, mzee mmoja mwenye Biblia aliyekaa nyuma yangu aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini.

“Alikuwa na umri gani, mama?”

Nilidhani anaiulizia sello, na sikuona ajabu, maana hata sisi wapigaji huwa tunavizungumzia vyombo vyetu kama watu. Nikamjibu kwamba anakaribia miaka themanini, ila sauti yake bado nzuri sana.

Mzee alisogea karibu zaidi. Kisha akauliza ninampeleka wapi. Nikasema Kampala, wanamsubiri konsati ya Jumapili, na nikaongeza kuwa ninachoogopa ni unyevu wa ziwani, usije ukamlegeza. Hapo nilimsikia akifunga Biblia yake. Akatoka kwenye siti yake polepole, akaenda kukaa mbele kabisa karibu na dereva.

Ukweli ulijulikana Nzega. Basi lilikatika mkanda wa injini, na fundi akaenda mjini kutafuta mwingine. Abiria wote tulishuka, nami nikashuka na sello, kwa sababu jua lile lingeipasua ndani ya basi. Nilipokaa kwenye benchi la mama ntilie na kufungua kasha, watu waliruka nyuma. Mwenye karanga alijifunika uso. Nilipoitoa sello na kuishika shingo, mtu mmoja alianza kucheka, na kicheko kikaenea hadi kwa mama ntilie mwenyewe. Yule mzee wa Biblia alicheka hadi akakaa chini. Aliniambia kwamba tangu kabla ya Dodoma walikuwa wakinionea huruma, mwanamke anayesafiri na jeneza la mtoto peke yake, akilia njia nzima. Lakini nilipotaja miaka themanini alichanganyikiwa, na nilipotaja sauti nzuri aliona heri ahame.

Basi niliwaomba radhi kwa kuwapigia. Nilianza na sarabanda, dansi ya polepole ya enzi hizo, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa bado vizito. Mwenye karanga alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema hiyo kweli ni ya msibani, akauliza kama sina ya furaha. Nikapiga jiga, dansi ya mbio ya enzi zilezile. Kondakta aliyetaka kunitupia sello kwenye buti ndiye aliyeingia uwanjani kwanza, mikono kiunoni, na kinamama wakamfuata. Nimefundisha miaka yote hii kwamba muziki wa Baroko umejengwa juu ya dansi, lakini sijawahi kuona darasa likielewa upesi kama lilivyoelewa lile la Nzega.

Ziwani

Mkanda ulipatikana jioni. Tuliingia Mwanza tumechelewa, na meli ya Bukoba ilikuwa imeshaondoka. Nikasubiri nyingine nyumbani kwa shemeji yangu, nikila sangara mchana na usiku na kuhesabu kichwani siku zilizobaki. Riziki alinipigia mara kwa mara, nami nilimjibu kwa furaha zaidi ya niliyokuwa nayo.

Meli ilipokuja, safari yenyewe ilikuwa shwari. Unyevu tu ndio uliofanya nilichokiogopa. Tulipotia nanga Bukoba nyuzi zote zilikuwa zimelegea. Nilikaa bandarini nikizikaza moja moja, na bwana mmoja muuza senene, panzi wale wa kukaanga, aliyenionea huruma akanipa koni ya gazeti iliyojaa. Nilikuwa sijawahi kuwaonja. Wana chumvi na wanaliwa kama bisi. Niliwamaliza kabla sijamaliza kukaza uzi wa nne.

Mutukula

Mpakani nilifika saa za mchana. Kijana wa forodha ya Uganda aliyekaa dirishani aliitazama sello, akasema kitu kikubwa namna hiyo lazima kionwe na mkubwa wake. Nikauliza mkubwa yuko wapi.

“Mkubwa ameenda kura,” alisema. “Na wewe mama, nenda kura kwanza, harafu rudi.”

Nilimweleza kwa heshima kwamba mimi ni Mtanzania, siwezi kupiga kura Uganda. Akasema hapana, watu wote wanaruhusiwa, hata Watanzania, hapo nyuma ya ofisi tu. Nikamwambia kwetu huko ni kosa la jinai. Akanitazama kwa mshangao, akauliza kama Tanzania watu hawakuri mchana. Mama mmoja mfanyabiashara wa Bukoba aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ndiye aliyetuokoa sote. Aliniambia, huku machozi ya kicheko yakimtoka, kwamba Waganda wengi huchanganya r na l wanaposema Kiswahili. Mkubwa ameenda kula.

Nikaenda kura. Nilipewa matoke, ndizi za kupika zilizopondwa, laini na za moto, na mchuzi mzito wa karanga juu yake. Huyo mkubwa alikuwa meza ya jirani. Alipojua kwamba nimekuja kumpigia rafiki anayehama, aliikagua sello palepale kwa kugonga kasha mara moja kwa kidole chenye karanga, akasema nipite.

Kisenyi

Niliposhuka kwenye kituo cha mabasi, karibu na magereji ya Kisenyi, nilimtafuta Riziki kwa macho. Badala yake alinijia askari polisi mrefu mwenye sare, akasimama mbele yangu.

“Wewe ndiyo mama ya sello? Twende. Sasa wewe iko chini ya mimi.”

Abiria wenzangu walijitenga nami haraka, na nadhani uvumi wa kukamatwa ulianzia hapo. Alikuwa Sajini Opio, mpiga tarumbeta wetu. Aliniambia kwao ni Gulu lakini amekulia kwenye kota za polisi, baba Mkatoliki na mama Mwislamu, na Kiswahili alikijua kabla ya lugha nyingine kwa sababu ndicho kilichosemwa uani.

Alinipeleka kwanza kwenye hoteli ya Wasomali. Waliniletea wali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni. Niliiweka ndizi kando niile mwisho kama tunda. Mhudumu aliirudisha juu ya wali. Nikaiondoa tena, naye akairudisha. Opio alinionyesha: unaimega, unaila pamoja na wali. Nawaambia, jaribuni.

Alipoona nimeshiba ndipo aliponiambia kilichomfanya Riziki asije.

“Watu ya ndege nabadilisha siku,” alisema. “Mama Riziki naondoka Jumapili asubuhi. Konsati ni Jumapili jioni. Tangu jana yeye nalia.”

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Wandegeya

Mazoezi yalikuwa katika ukumbi wa hosteli ya wanafunzi Wandegeya, juu ya maduka ya kuchapisha. Riziki alinikumbatia pamoja na kasha la sello. Alikuwa amekonda, na nywele zake zimeanza mvi, lakini sauti ilikuwa ileile.

“Yaya, tutafanya je?” aliniuliza. “Hii batu nimebafundisha miaka. Bataimba, miye niko ndani ya ndege.”

Konsati isingesogezwa Jumamosi, maana kanisa la Mengo tulilopewa lilikuwa na harusi siku nzima. Na kulikuwa na shida nyingine iliyoning'inia ukutani. Mabango ya konsati yalikuwa yameletwa mchana ule kutoka duka la chini. Yalikuwa mazuri, yana mchoro wa kizamani wa mwanamke anayepiga gambusi la Kizungu, nuru ikimwangukia shavuni kutoka dirisha moja na giza likiwa limejaa pembeni, kama walivyopenda wachoraji wa Baroko. Lakini maandishi makubwa yalisema MUZIKI WA BALOKOLE. Kwa Kiganda Balokole ni waliookoka. Mchapishaji alikuwa ameona neno Baroko, akaamini ni kosa la tahajia, akalirekebisha kwa moyo mwema. Mabango mengine yalikuwa yameshabandikwa hadi Mengo.

Nilicheka nikashindwa kujizuia, na Riziki naye, kwa mara ya kwanza siku ile, akacheka. Kisha mumewe, mtu mpole asiyesema sana, akasema harusi si jambo baya. Harusi zina watu, na watu wanasubiri. Mbona tusiwaombe wenye harusi ya mchana watuachie ule muda wa kusubiri?

Mengo

Usiku uleule tulimkuta shangazi wa bibi harusi, Senga Nalongo, akisimamia mapambo kanisani. Kwa Waganda, senga ndiye mwenye neno la mwisho katika mambo ya harusi ya binti. Alikuwa mama mnene aliyevaa gomesi ya zambarau, lile gauni refu la heshima la Kiganda, na Opio akamweleza shida yetu kwa Kiganda. Uso wa senga uling'aa. Alisema ameliona bango letu njiani. Yeye mwenyewe ameokoka, na Balokole wenzake wanakaribishwa.

Opio alinitazama. Riziki alitazama chini. Ingekuwa rahisi kunyamaza, na nakiri nilipima. Lakini mtu anakupa harusi ya mtoto wake, unawezaje kumwibia kwa tahajia? Nikamwambia Opio amweleze yote: kwamba neno ni Baroko, si Balokole, kwamba ni muziki wa zamani wa Ulaya, na kwamba ndani ya kwaya kuna Wakatoliki, Wapentekoste na wasiosali popote.

Senga alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili chake.

“Hao wazee wa Uraya, wariimba nini?”

“Zaburi,” nikasema. “Na nyimbo za kumsifu Mungu. Na dansi.”

“Huyu mama, naenda wapi?”

Nikamwambia Kanada, kesho kutwa asubuhi, na hajui kama atarudi.

Alifikiri huku akinyoosha utepe wa kiti. Akasema sawa, kwa sharti kwamba gari la bibi harusi likifika tunyamaze papo hapo.

Jumamosi tulisimama mbele ya kanisa lililojaa watu wasiotujua. Kwaya walivaa vitenge vya rangi moja. Tulianza na zaburi kubwa ya Kilatini, na Opio alipoingia juu ya sauti zote na tarumbeta yake, wageni waliokuwa wakiongea kwenye simu walizikata. Gari halikuja. Tukaimba ya pili, na ya tatu. Gari halikuja bado. Foleni za Kampala siku ya Jumamosi mnazisikia tu. Senga alikuwa akitupungia mkono tuendelee.

Tukafika kwenye wimbo wa Riziki peke yake. Wimbo huo umejengwa juu ya besi fupi inayorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho, noti zilezile zikizunguka, na mwimbaji anapita juu yake kwa uhuru. Fidla hazipigi. Ni sauti na sello tu. Aliimba sehemu ya kwanza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Kisha kuna mahali anapumzika kidogo kabla ya kurudia maneno ya mwanzo kwa mapambo yake mwenyewe. Akapumzika. Besi yangu ikazunguka, na yeye hakuingia.

Nilimtazama. Alikuwa akiitazama kwaya yake, na mdomo wake ulikuwa wazi, na hakukuwa na sauti. Nilizungusha tena. Sikuharakisha wala sikuipaza. Kazi ya mpiga besi ni kuwapo mwenzake atakapokuwa tayari. Nikazungusha tena. Wageni walidhani wimbo ndivyo ulivyo.

Nyuma ya kanisa nikaona mwanga wa mlango ukifunguka, na katikati yake gauni jeupe. Bibi harusi alikuwa amefika. Mshika mlango alitupa ishara tunyamaze, na nikamwona Senga Nalongo akiinuka. Nilijua sharti lake. Lakini senga hakututazama sisi. Alienda hadi mlangoni, akamshika mpwa wake mkono, akasimama naye palepale.

Riziki alivuta pumzi, akaingia.

Siwezi kuwaandikia sauti. Nawaambia tu kwamba mapambo tuliyoyafanyia mazoezi hakuimba hata moja. Aliimba mengine, ambayo sidhani aliyajua kabla ya dakika ile, na mumewe aliyekuwa kwenye safu ya besi alifumba macho. Alipomaliza, bibi harusi aliingia kanisani bila kusubiri kinanda, na kwaya nzima, bila kuambiwa na mtu, wakaanza tena ile zaburi ya kwanza kumpeleka hadi mbele. Opio alipiga tarumbeta hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Baadaye tulilazimishwa kula. Palikuwa na luwombo, kuku aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, na bwana harusi alituuliza kikundi chetu huwa kinapatikana siku gani.

Jumapili, na baada yake

Asubuhi tuliwasindikiza Riziki na mumewe hadi kwenye basi lililowachukua wasafiri kwenda Entebbe. Hakukuwa na hotuba. Riziki alimshika kila mwanakwaya mkono, akiwakumbusha makosa yao: wewe usipandishe mabega, wewe Kilatini chako kina Kilingala. Alipofika kwangu hakusema la muziki. Alisema, “Yaya, ulikuya.” Nikamwambia ndiyo, nilikuja. Basi likaondoka, na sisi tukaenda Wandegeya kula katogo, matoke yaliyochemshwa pamoja na maini, kwa sababu tulikuwa na njaa, konsati yetu ilikuwa imeshaimbwa harusini, na hakuna aliyetaka kurudi nyumbani.

Tukiwa mezani Opio aliuliza nani ataongoza mazoezi ya Jumanne. Walitazamana. Mama Furaha wa saluni, aliyeimba sauti ya pili na ambaye sikuwahi kumsikia akiongea, akasema ataanza yeye mpaka apatikane mwingine. Mimi nilikuwa niondoke Jumatatu. Niliahirisha.

Jumanne walikuja wote. Mama Furaha aliwapasha sauti, akakosea ufunguo, akaanza upya bila kuomba radhi, na nikaona kwamba mwingine hatahitajika. Walikuwa wakitafuta ukurasa wa zaburi mlango ulipofunguliwa. Senga Nalongo aliingia, safari hii bila gomesi, amevaa sketi ya kawaida na viatu vya raba. Alipita mbele yetu akitusalimu, akavuta kiti, akakaa katikati ya kinamama wa sauti ya pili.

Mama Furaha alimuuliza kwa upole kama amekuja kusikiliza.

“Hapana,” alisema senga, huku akinyoosha mkono apewe karatasi. “Mimi nakuja kuimba.”